Kinoo cha wembe wa kukunja: hali ya wembe kwanza, bei ya jiwe baadaye

Wembe wa kukunja, uliokaribia kusahauliwa baada ya kuenea kwa nyembe za kutupwa, umerudi katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Lakini wembe huo haudumu bila kunolewa, na jiwe lisilofaa laweza kuuharibu kwa muda wa dakika chache.

Waswahili husema kinyozi hajinyoi. Anayetumia wembe wa kukunja nyumbani hana budi kuupinga msemo huo mara mbili: awe kinyozi wa uso wake mwenyewe, na awe pia mnoaji wa wembe wake.

Zamani hilo halikuwa jambo la ajabu. Mambo yalianza kubadilika mwaka 1903, pale King Camp Gillette alipoanza kuuza nchini Marekani wembe mwembamba unaotumika na kutupwa. Taratibu ujuzi wa kunoa ukatoweka majumbani, na vinyozi wengi nao wakahamia kwenye nyembe za kubadilisha. Leo hii mtu anayenunua wembe mkongwe katika soko la vitu vilivyotumika, tuseme mjini London, mara nyingi hupata chuma kizuri kisicho na makali, wala hana mzee wa kumuuliza.

Wembe si kisu

Kisu cha jikoni huinuliwa kidogo juu ya jiwe ili kupata pembe ya kunolea. Wembe wa kukunja haunolewi hivyo. Hulazwa bapa, mgongo na makali vyote vikiligusa jiwe, kisha husukumwa makali yakiwa mbele. Unene wa mgongo ndio unaoamua pembe, ambayo kwa kawaida ni kati ya nyuzi 15 na 18.

Mambo mawili yanatokana na umbo hilo. Kwanza, jiwe lazima liwe bapa kabisa. Jiwe la jikoni lililobonyea katikati kwa kunolewa visu halifai, kwani makali hayataligusa sawasawa. Pili, jiwe lenye chenga kubwa huula mgongo pamoja na makali, na chuma kikishaondoka hakirudi.

Ubapa wa jiwe hupimwa kwa njia rahisi. Huchorwa mistari ya penseli juu yake, kisha jiwe husuguliwa kwenye msasa uliolowa maji na kutandikwa juu ya kioo kinene. Mahali ambapo mistari imebaki ndipo palipobonyea. Kazi huendelea mpaka mistari yote ifutike.

Namba zina maana gani?

Mawe yanayotengenezwa viwandani huuzwa kwa namba. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo chenga zinavyokuwa ndogo na jiwe kuwa laini. Kwa vipimo vya Kijapani, vinavyotumika kwa mawe mengi ya maji, jiwe la namba 1000 huunda makali upya, la 4000 au 5000 huyanyoosha, na la 8000 huyang'arisha. Wapo wanaomalizia kwa jiwe la 12000.

Hata hivyo, mnunuzi anapaswa kuwa mwangalifu, kwani namba hizo hazina maana moja duniani kote. Katika kipimo kimojawapo cha Ulaya, kinachotanguliwa na herufi F, chenga za namba 1000 zina ukubwa wa takriban maikroni 4.5, yaani sehemu 4.5 za elfu moja ya milimita. Chenga za namba 1000 ya Kijapani ni kubwa zaidi ya mara mbili. Kununua kwa namba pekee bila kuuliza kipimo ni sawa na kununua viatu kwa namba bila kujua vilishonwa nchi gani.

Mawe ya ardhini

Mawe ya asili hayana namba. Mashuhuri miongoni mwayo ni coticule, jiwe la rangi ya manjano linalochimbwa katika milima ya Ardennes nchini Ubelgiji. Hupatikana kwa matabaka membamba kati ya miamba mingine, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei yake kuwa kubwa. Ndani yake mna chembe ndogo za garineti zenye umbo linalokaribia mviringo, ambazo hukwaruza chuma kwa kina kidogo tu.

Sifa yake kubwa ni kufanya kazi mbili. Likisuguliwa kwa kijiwe kidogo cha aina yake hutoa uji mzito, na uji huo hula chuma upesi. Uji ukioshwa na kubaki maji matupu, jiwe hilohilo hung'arisha makali. Pamoja na hayo, kila kipande kina tabia yake, na anayeanza huhitaji muda kukizoea. Ndiyo maana jiwe la kiwandani, lenye tabia ile ile kila siku, huwa mwalimu mwepesi zaidi.

Uangaliwe wembe kwanza

Swali la kwanza basi si jiwe gani ni bora, bali wembe uko katika hali gani. Makali yatazamwe chini ya taa. Makali mazuri hayaonyeshi mng'ao. Yaliyofifia hurudisha mwanga kama uzi mwembamba.

Wembe uliokuwa ukinyoa vizuri na sasa umeanza kuvuta nywele hauhitaji jiwe la 1000. Jiwe la 8000 latosha. Wembe butu kabisa, au wenye pengo dogo, ndio unaohitaji kuanzia 1000 na kupanda ngazi kwa ngazi. Makosa mawili hurudiwa sana: kununua jiwe laini la bei ghali na kutarajia lifufue wembe butu, au kurudi kwenye jiwe la kukwaruza kila wembe unapochoka kidogo.

Kwa nyumba nyingi, jiwe moja lenye pande mbili, 4000 na 8000, pamoja na mkanda wa ngozi, ni mwanzo wa kutosha. Wembe hupitishwa kwenye mkanda huo kabla ya kila kunyoa, safari hii mgongo ukiwa mbele. Anayefanya hivyo kwa uaminifu huweza kukaa miezi kadhaa bila kuligusa jiwe.

Ngozi ndiyo hakimu

Wembe butu hupitishwa mara nyingi mahali pamoja, na ngozi ndiyo inayolipa. Kwa wanaume wenye nywele za kujikunja hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ndevu zinapoota tena, ncha zake huweza kuipinda na kuichoma ngozi na kuleta vipele. Makali safi hayaondoi tatizo hilo, lakini hupunguza kukwaruza.

Jambo jingine halina mjadala. Wembe, hata ukinolewa vipi, ni wa mtu mmoja. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini huweza kusafiri katika damu iliyobaki kwenye makali, na jiwe la kunolea si dawa ya kuviua. Baada ya kazi wembe huoshwa, hukaushwa, hupakwa mafuta kidogo dhidi ya kutu, na kuwekwa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.