Kifaa cha Kusomea na Mzizi wa Neno

Tangu kampuni ya Amazon ilipotoa Kindle ya kwanza mnamo Novemba 2007, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki vimesifiwa mno, na sifa nyingi ni za kweli. Wino wake wa elektroniki husomeka kwa mwanga unaouangukia, kama karatasi. Katika jua la Isiolo, ambapo kioo cha simu hugeuka cha kujitazamia, hiyo si faida haba. Isitoshe, umeme mwingi hutumika ukurasa unapogeuzwa tu, hivyo chaji moja huweza kudumu kwa majuma. Mwanafunzi aliye likizoni katika manyatta za Merti, mbali na stima, ataelewa ninalosema.

Walimu na wanafunzi wanaoniuliza wanunue kipi huanza na bei. Mimi huwauliza kwanza: utasoma nini, na kwa lugha ipi?

Msomaji wa riwaya atatoshelezwa na kioo cha inchi 6, maana maandishi ya faili za EPUB hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Sivyo ilivyo kwa karatasi za mitihani na nakala za mihadhara, ambazo aghalabu ni PDF za ukurasa wa A4 zilizopigwa picha. Ukibanwa ndani ya inchi 6, ukurasa huo huwa punje za wimbi. Mwenye haja hiyo afadhali anunue kishikwambi, au kisomeo cha inchi 10 iwapo mfuko unaruhusu.

Kuna pia suala la umiliki. Mnamo Julai 2009 Amazon iliviondoa vitabu viwili vya George Orwell katika Kindle za watu waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Kimojawapo ni kile tunachokijua kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama! Pesa zilirudishwa, lakini kitabu cha karatasi hakimtoroki mtu rafuni.

Linalonikera zaidi ni kamusi. Utamu wa vifaa hivi ni kugusa neno na kupata maana papo hapo. Sasa liguse neno “hawakumsomea”. Mzizi ni -som-. Ukanushi, nafsi, wakati na mtendewa vimeutangulia, na kauli ya kutendea imeufuata. Kamusi inayolitafuta neno kama lilivyoandikwa itapekua chini ya herufi H na kurudi mikono mitupu. Mjuzi wa Mombasa hatajali. Anayeumia ni mtoto wa Isiolo ambaye nyumbani huzungumza Kiborana, Kisomali au Kiturkana, na kwake Kiswahili ni lugha ya darasani; yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kamusi hiyo.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alieleza programu ya kuchambua viambishi vya Kiswahili mwaka 1992. Zaidi ya miaka 30 baadaye, idara zetu za Kiswahili na wachapishaji wetu wa kamusi wanangoja nani?

Kwa hiyo ukisafiri hadi Nairobi kununua kifaa, beba faili zako mwenyewe: karatasi moja ya mtihani na hadithi moja ya Kiswahili. Mwombe muuzaji azifungue. Kisha gusa kitenzi chochote chenye viambishi, mtazame pamoja kitakachotokea, ndipo mzungumze bei.