Mfupa Umevunjika, Shingo Imepimwa?

Mtu mzima akianguka kidogo tu akavunjika paja, tunalaumu vigae vya bafuni. Akiwa mzee, tunalaumu umri. Tezi za parathairoidi hazitajwi.

Kwa kawaida ziko nne, zimejibana nyuma ya ile tezi ya shingo inayovimba kwa goita, kila moja kama punje ya mchele. Kalsiamu ikipungua katika damu, hutoa homoni: mifupa huachia akiba yake, figo huizuia isipotee kwenye mkojo, na utumbo, kwa msaada wa vitamini D, huichukua zaidi kutoka kwenye chakula. Ikishatosha, homoni hushuka.

Tabu huanza tezi moja inapoota uvimbe, ambao mara nyingi sana si saratani, ikaacha kutii. Kalsiamu imeshazidi katika damu, nayo tezi bado inadai. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno, basi mifupa ndiyo inayokamuliwa. Gamba lake la nje huathirika zaidi, ndiyo maana msongamano wa mifupa hupimwa hadi kwenye kigasha, ambako gamba hilo ni jingi.

Hata mabingwa waliwahi kuisoma habari hii kinyume. Mjini Vienna, daktari mpasuaji Felix Mandl alimtibu kondakta wa tramu aliyevunjika paja na kuteswa na maumivu ya mifupa. Wengi wakati huo waliamini kuwa tezi huvimba ili kuisaidia mifupa iliyougua. Mandl akampandikizia tezi ya mtu aliyekufa ajalini, haikufaa kitu. Akageuza hoja: Julai 1925 alimpasua shingo na kutoa uvimbe wa milimita 21 hivi. Maumivu yakapoa, mgonjwa akatembea. Miaka kadhaa baadaye ugonjwa ulimrudia, lakini mwenye kosa alikuwa ameshajulikana.

Kosa lile la mabingwa lina ndugu yake leo katika maduka ya dawa: mfupa ukivunjika, vidonge vya kalsiamu vinanunuliwa kabla ya kipimo chochote.

Ukivunjika bila sababu ya maana, hasa kama una mawe ya figo, kiu isiyokatika au choo kigumu, mwombe daktari apime kalsiamu na homoni ya parathairoidi katika damu iliyotolewa siku moja. Kimoja bila kingine hakitoshi.