Mchemraba, Bao na Hazina ya Kichwani

Hivi karibuni tulikuwa Mwanga, mji ulio chini ya Milima ya Upare ya Kaskazini, kuhudhuria mazungumzo juu ya maendeleo ya shule. Msemaji mmoja alitamka kwa mkazo kwamba adui mkubwa wa elimu yetu ni kukariri, nasi tukapiga makofi pamoja na wenzetu. Jioni ile ile, katika baraza ya duka moja karibu na stendi, tulishuhudia jambo lililotufanya tuyafikirie upya makofi yale.

Kijana wa sekondari kutoka Usangi alikuwa ameshika mchemraba wa rangi sita, ule uliobuniwa na Ernő Rubik wa Hungaria mwaka 1974. Wenzake waliuvuruga. Aliutazama kwa dakika kadhaa bila kuuzungusha, kisha akafungwa kitambaa machoni, akaanza kazi. Mara ya kwanza alishindwa: kitambaa kilipofunguliwa, vipande vitatu vilikuwa mahali pasipo pao. Hakununa. Aliomba uvurugwe tena, na safari hii kila upande ukarejea katika rangi yake. Tulipomwuliza kama hayo ni mazingaombwe, alitujibu kwa adabu: "Hapana, mzee wangu. Ni kukumbuka njia tu."

Ndugu msomaji, yafaa tueleze njia hiyo. Mchemraba una vipande 20 vinavyohama: 8 vya pembeni na 12 vya ukingoni. Namna unavyoweza kuvurugika zinazidi trilioni milioni 43, kwa hiyo hakuna awezaye kuzihifadhi zote. Mchezaji hupa kila uso wa kipande herufi yake. Huanza na kipande kimoja, akajiuliza kwao ni wapi. Akifika huko humkuta mgeni aliyekalia mahali hapo, naye humwuliza vivyo hivyo, mpaka wote wameulizwa. Hupata mfululizo wa herufi 20 hivi. Herufi hizo huziunga mbili mbili zikawa maneno, maneno yakawa picha, na picha akazipanga katika njia anayoifahamu. Akishafungwa macho, huipita njia ile kwa mawazo, akaziokota picha moja baada ya nyingine, na kila herufi humwambia mikono yake izungushe vipi.

Kijana wetu njia yake ni barabara ya kupanda mlimani kutoka Mwanga hadi Usangi. Mkazi wa Unguja angeweza kutumia ile ya kutoka Darajani kupitia Mkunazini hadi Forodhani. Badala ya herufi yeye hutumia silabi, na hapo Kiswahili kinamsaidia mno: *ki* na *su* ni kisu, *ma* na *ji* ni maji, *ka* na *sa* ni kasa. Akiona kisu kimechomekwa kwenye kona ya kwanza na kasa akitambaa darajani, hasahau. Wasemaji wa Ugiriki na Roma ya kale walizihifadhi hotuba zao kwa mbinu hiyo hiyo ya kupanga picha mahali. Leo, mabingwa wa dunia hukariri na kuukamilisha mchemraba mmoja kwa muda usiofika sekunde 15. Na mwaka 2022 Mmarekani Graham Siggins alijaribu michemraba 65 kwa mkupuo mmoja, akaikamilisha 62 katika muda usiozidi saa moja.

Wasomaji wetu wa visiwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kete hizo huhama kwa makumi katika mzunguko mmoja. Hata hivyo fundi wa bao huona mwisho wa mzunguko kabla hajanyanyua kete ya kwanza. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliwachunguza mafundi wa Zanzibar na kuandika kitabu juu yao mwaka 1995. Katika kazi yake alishughulikia pia kucheza bao bila kulitazama. Wageni waliona katika mabaraza yetu elimu ambayo sisi tuliiita kupoteza wakati.

Nako chuoni, mtoto huhifadhi juzuu 30 zenye sura 114. Mwalimu mwema hampi somo jipya kabla hajadurusu la jana. Kijana wa Usangi alituambia kwamba huko ndiko alikojifunza subira ya kurudia.

Lugha yetu yenyewe imeyatenga mambo haya. Kukariri asili yake ni kurudia; kuhifadhi ni kutunza ili kitu kipatikane kinapohitajiwa. Mwanafunzi anayerudia maelezo ya kitabu asiyoyaelewa, akayamwaga katika karatasi ya mtihani na kuyasahau kesho yake, huyo ndiye msemaji wa Mwanga aliyemkusudia, na alisema kweli. Lakini mwenye kupanga, kuunganisha na kujisahihisha ana chombo cha kazi. Hatudai kwamba kumbukumbu peke yake ni elimu. Mtu aweza kuukamilisha mchemraba gizani asijue hesabu iliyomo ndani yake. Tunachosema ni kwamba hakuna awezaye kufikiri kwa kichwa kitupu.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inasisitiza ujuzi. Ni jambo jema, nasi tunaliunga mkono. Hofu yetu ni kwamba katika kupiga vita kukariri, baadhi yetu tutaitupa na hazina ya kuhifadhi, wakati watoto wa matajiri wa nchi nyingine wanalipia kufundishwa hayo hayo.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa elimu, Bara na Visiwani, mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila shule iwe na mbao za bao, na michemraba pale inapopatikana, na saa moja kwa wiki ya kuitumia chini ya mwalimu. Pili, walimu wa shule na walimu wa vyuo vya Kurani wakutane, kila upande umweleze mwenzake namna unavyomfundisha mtoto kukumbuka.

Sisi tuliopiga makofi Mwanga tunakiri kwamba tuliharakisha. Kijana yule aliposhindwa mara ya kwanza, alirudi nyuma katika njia yake mpaka akaiona kona aliyoisahau. Nasi turudi.