Jinsia na Utetezi wa Mazingira Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ilagala, wilayani Uvinza mkoani Kigoma, iko karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Uchumi wake unategemea sana dagaa, mawese na mihogo, na kila kazi ina wenyewe. Wanaume huingia ziwani usiku wa giza wakiwa na taa za kuvutia dagaa. Kukicha, wanawake huwanunua dagaa hao, huwaanika na kuwauza. Shambani, mwanamume hupanda mchikichi kukata mikungu, mwanamke huchemsha chikichi kwa kuni na kukamua mawese.

Mgawanyo huo ndio unaofanya mabadiliko ya tabianchi yaonekane tofauti kwa kila upande. Mwaka 2003, watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa likipata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye virutubisho, na chakula cha samaki hupungua. Mvuvi hulijua hilo kwa nyavu nyepesi. Mchuuzi hulijua kwa bei ya beseni la dagaa, na kwa mvua isiyo na msimu: dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa huharibika, na mtaji huenda nao.

Hata hivyo, anayeumia si lazima awe ndiye anayesikilizwa. Sheria imetenga nafasi: angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, na Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7 liwe na wanawake wasiopungua 3. Lakini kikao kikiitishwa saa za kuanika dagaa au kupika, kiti hubaki kitupu. Katika vikundi vya usimamizi wa uvuvi, maarufu kama BMU, neno la mwenye chombo huwa na uzito, na wenye vyombo wengi ni wanaume. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, waliopumzishwa hawakuwa wavuvi peke yao. Vichanja vya kuanikia navyo vilikosa dagaa.

Wanawake huingia kwa wingi pale mazingira yanapoungana na riziki. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mkoani Kigoma mwaka 1994, uliunganisha vitalu vya miti na mikopo midogo, afya ya uzazi na ufadhili wa masomo kwa wasichana. Mwanamazingira Wangari Maathai alikuwa amepitia njia hiyohiyo nchini Kenya mwaka 1977: alianza kupanda miti na wanawake kwa sababu wao ndio waliokosa kuni na maji. Mjini sura ni nyingine. Mwanaharakati wa tabianchi Vanessa Nakate alianza mwaka 2019 kwa kusimama na bango barabarani Kampala, Uganda, jambo gumu kwa mama wa kijijini ambaye siku isiyo na mauzo ni siku isiyo na chakula.

Kuna hatari pia ya wanawake kuongezewa kazi bila mamlaka. Kumwagilia miche huwa kazi yao, ilhali ardhi, kwa mila nyingi za urithi, hupitia kwa wanaume, na mti hufuata ardhi. Wanaume nao hutawala doria za ziwani na misituni, kazi zenye hatari lakini zenye posho na heshima. Kwa hiyo idadi ya waliohudhuria mkutano haitoshi kupima ushiriki. Kipimo ni nani alipanga saa ya kikao, nani anamiliki mti, na nani aliulizwa kabla ziwa halijafungwa.