Muziki wa Kisii na Nyamira: Msikilizaji Hutoa, Mwimbaji Hupata Nini?

Sisi watu wa Pwani tukitaja muziki wa bara, mara nyingi tunaishia Nairobi. Lakini yanayotokea Kisii na Nyamira yanatuhusu, kwa sababu yanafanana sana na yaliyoupata muziki wetu wa taarab.

Tuanze na chanzo. Wagusii wana obokano, chombo kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito ya kuvuma. Zamani, ukitaka kukisikia ilibidi uende kwenye sherehe alipo mpigaji. Mwenye shughuli alimjua msanii, na msanii alijua nani atamlipa. Baadaye likaja gitaa la benga, na waimbaji kama marehemu Christopher Monyoncho wakaimba kwa Ekegusii katika santuri na kaseti. Hapo muziki ukaingia nyumbani.

Leo nyumbani anayetawala bado ni redio. Vituo vya lugha ya mama kama Egesa FM vinasikika jikoni, dukani na kwenye mashamba ya majani chai. Lakini nchi ile ni ya milima na mabonde, na mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka. Kilima kikikaa kati ya mnara na nyumba, aliye juu anasikia vizuri, na jirani yake wa bondeni anapata mkwaruzo mtupu.

Ndipo inapokuja memori kadi. Wimbo wa dakika nne uliohifadhiwa kwa ubora wa kawaida huchukua takriban megabaiti 4. Kadi ya gigabaiti 8 basi hubeba karibu nyimbo 2,000. Kijana wa bodaboda huenda dukani, akatiwa nyimbo kwa shilingi chache, akazisikiliza mwaka mzima bila bando na bila kujali mnara uko wapi. Jioni kadi hiyo hiyo inachomekwa kwenye woofa ya nyumbani. Kwa mtu wa kipato kidogo, hesabu hiyo haishindiki.

Tatizo liko hapa: mwenye duka amelipwa kwa kunakili, lakini aliyetunga na kuimba hajapata hata senti. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hairuhusu kuuza nakala bila idhini ya mwenye kazi, ila sheria haiwezi kukaa kila kibanda. Wenzetu wa taarab wanalijua jambo hili. Kaseti zilizorekodiwa arusini Mombasa zilinakiliwa zikavuka bahari, na jina la mwimbaji likafika mbali kuliko mfuko wake.

Njia za kumlipa zipo, na hazilingani. Redio, hoteli na matatu zinatakiwa kulipia leseni, na fedha hizo kugawiwa wasanii kupitia vyama vya mirabaha. YouTube hugawa sehemu ya pesa za matangazo kwa mwenye chaneli iliyokubaliwa, kwa hiyo ukiutazama wimbo kwenye chaneli ya mtu aliyeunyakua, faida inaweza kwenda kwake. Kisha kuna Skiza, ule wimbo anaousikia mpigaji kabla simu haijapokewa. Marekebisho ya sheria yaliyotiwa saini mwaka 2022 yalipanga kuwa mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na mtoa huduma wa kati asilimia 8.5.

Kwa lugha yenye wasemaji wachache kuliko Kiswahili, jambo hili ni zito. Mwimbaji wa Ekegusii soko lake ni dogo. Akikosa riziki, atahamia lugha yenye wateja wengi au ataacha kabisa, na watoto watabaki na nyimbo za wengine.

Hakuna anayemtaka kijana wa bodaboda aitupe kadi yake. Lakini anayependa wimbo anaweza kuutazama kwenye chaneli ya msanii mwenyewe, kuuweka kwenye simu yake kama Skiza, au kumwita msanii aje aimbe arusini na kumlipa mkononi. Hii ya mwisho ndiyo iliyomlisha mpigaji wa obokano zamani, na ndiyo inayowalisha waimbaji wetu wa taarab hadi leo.