Rangi ikibanduka, si kosa la mama wa nyumba



Mbele ya mvua, nyumba zetu za kambi zilipakwa rangi mpya. Miezi mitatu haikuisha, rangi ikaanza kubanduka vipande-vipande. Mwenye kazi akasema: bamama banamwanga maji ku ukuta, batoto banakwangula, basi tutakata ku mushahara. Sisi wa sendika tukakataa. Tukapita nyumba kwa nyumba.

Tuliona nini? Chini ya rangi mpya iko rangi ya zamani ya mafuta, ngumu, inang'aa kama sahani. Wapentre walipaka rangi ya maji juu yake bila kuosha, bila kukwaruza. Ku kitu laini namna ile, rangi haina pa kushika. Mbele ya mkubwa wa nyumba tulibandika skochi, tukaivuta mara moja: rangi mpya yote ikafuata, ile ya zamani ikabaki nzima. Mushahara haukukatwa.

Wengi sasa wanataka kurudilia kazi wenyewe. Njia ni hii.

Kwanza, jua ukuta wako. Lowesha kitambaa cheupe na alkole ya kuwasha, sugua. Kitambaa kikichukua rangi, ni rangi ya maji. Kikibaki safi, mara nyingi ni ya mafuta.

Pili, osha na maji ya moto na sabuni, zaidi mu kikoni, mafasi ya moshi wa makala na mafuta ya ngazi. Suuza, acha ikauke.

Tatu, ondoa mng'ao na papier emeri ya maji, tena futa.

Ine, paka kushi ya kwanza ya kushikisha, ile inayofaa juu ya rangi ya mafuta. Ikauke sawa mukebe unavyosema, kisha kushi mbili nyembamba. Jaribu kwanza nyuma ya mlango, ngoja juma moja, vuta skochi.

Na manjanja mapya? Rangi ya mafuta ikigusa zinki, inageuka kama sabuni chini yake, inabanduka. Omba kushi ya kwanza ya galvanize.

Lakini sikieni vizuri: rangi za zamani, zaidi mu nyumba za mbele ya 1960, zinaweza kuwa na risasi, ile plombo. Vumbi yake inaharibu akili ya mtoto, na kwa macho haionekani. Usikwaruze kavu, usichome na moto. Lowesha, toa batoto na mama mwenye mimba, okota mabaki yote, fua nguo zako mbali na zao.

Ku shimo tunadai maski juu ya vumbi. Tusiilete sisi wenyewe mu chumba cha kulala. Na mwenye kazi, akituma tena wapentre, atume na kushi ya kwanza. Delege wa kambi yako aangalie mukebe mbele broshi haijagusa ukuta.