Vumbi la Nakuru na Mng'aro wa Gari: Kwanza Osha, Kisha Ng'arisha

Husemekana kuwa jina la Nakuru limetoka katika neno la Kimaasai lenye maana ya mahali penye vumbi. Mji huo ulioanza kando ya reli mwanzoni mwa karne ya 20 ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na barabara zake nyingi zimetiwa lami. Lakini vumbi halikuhama. Wakati wa kiangazi, gari lililooshwa asubuhi huonekana jioni kana kwamba limenyunyiziwa unga.

Basi mwenye gari huona haya, hasa ikiwa kesho yake kuna harusi ya kuhudhuria Njoro au wageni wa kuwapokea stesheni. Hununua kopo la dawa ya kung'arishia, hutwaa kitambaa kikavu, akaanza kusugua kwa nguvu zake zote. Baada ya saa moja gari lang'aa, naye hufurahi. Lakini litolewapo juani, huonekana juu ya rangi mistari mingi myembamba, imezungukana kama utando wa buibui. Hapo hulaumu dawa, au humlaumu mwenye duka aliyemwuzia. Kumbe dawa haina hatia. Kosa lilifanyika kabla kopo halijafunguliwa.

Ili kulijua kosa hilo yafaa kwanza kulijua vumbi lenyewe. Bonde la Ufa ni nchi ya milima ya moto. Menengai, Eburru na Longonot zamani za kale ilitapika majivu na mawe mepesi yaeleayo majini, na karibu na Naivasha huokotwa yale mawe meusi ya kioo ambayo watu wa kale walichonga kuwa visu. Majivu ya mlima wa moto si kama majivu ya jikoni. Mengi yake ni vipande vidogo mno vya kioo, vyenye ncha kali. Madereva wa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2021 yakiwa na makao yake Naivasha, wanalijua vizuri vumbi hilo laini linalofunika magurudumu. Kwa hiyo mtu apangusaye gari kavu katika nchi hii hulipangusa kwa kioo kilichosagwa.

Jambo la pili ni kuijua dawa. Wengi hudhani kuwa dawa ya kung'arishia ni mafuta ya kuipendezesha rangi. Sivyo. Ndani yake mna unga mgumu uliochekechwa ukawa mwembamba na wa kadiri moja, nao huiparuza rangi kidogo kidogo mpaka uso wake uwe sawa. Mfano wake uko karibu: huko Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe uliotokana na maganda ya viumbe vidogo vya majini. Udongo wa namna hiyo hutiwa na wenye viwanda katika dawa za kusugulia vyuma, kwa kuwa huparuza bila kuumiza. Lakini vumbi la barabarani halikuchekechwa na mtu yeyote. Chembe moja ikibaki juu ya rangi, kisha ikasuguliwa pamoja na dawa, huwa kama jiwe katikati ya unga wa kusaga.

Tena rangi yenyewe si nene. Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, linalolinda rangi iliyo chini yake. Unene wa tabaka hilo kwa kawaida ni kama sehemu 50 ikiwa milimita moja itagawanywa mara 1,000. Unywele wa kichwa mara nyingi ni mnene kuliko hapo. Kila mara gari ling'arishwapo, tabaka hilo hupungua. Likiisha, jua huibabua rangi, nayo hubanduka kama gamba la nyoka. Kwa mkulima wa Molo ambaye pikapu yake ndiyo ipelekayo viazi sokoni, au kwa karani aliyenunua gari lililotumika Japani kwa mkopo wa chama cha akiba, hiyo si hasara ndogo. Siku ya kuliuza gari, mnunuzi hutazama rangi kabla ya kuuliza habari za injini.

Sasa kazi yenyewe. Gari liwekwe kivulini, na bati lake liwe baridi. Maji ya visima vingi vya Nakuru yana madini, nayo yakikaukia juani huacha alama nyeupe zilizo ngumu kutoka.

Kabla ya kuligusa kwa kitambaa, gari limwagiwe maji mengi kuanzia paa kwenda chini, mpaka yale yatiririkayo yawe safi. Kisha ziletwe ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya maji matupu. Kitambaa kichovywe katika sabuni, kipitishwe juu ya bati taratibu kwa mstari ulionyooka, halafu kisuuzwe katika maji matupu kabla ya kurudi katika sabuni. Hivyo mchanga hubaki katika ndoo ya pili. Paa lioshwe kwanza, kisha boneti, kisha milango, na sehemu za chini zenye matope mwisho. Magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake. Kipande cha godoro kuukuu hakifai, maana hushika mchanga. Wala sabuni ya unga ya kufulia nguo haifai, kwa kuwa ni kali. Itumiwe sabuni ya magari.

Baada ya kusuuza, yatazamwe yale yasiyotoka kwa maji. Kinyesi cha ndege na wadudu waliokauka vifunikwe kwa kitambaa kilicholowa kwa dakika chache, navyo vitalainika. Matone ya lami huondolewa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, kisha mahali pale paoshwe tena kwa sabuni.

Halafu mkono utiwe katika mfuko mwembamba wa mkate na upitishwe polepole juu ya bati lililo safi na lenye maji. Mfuko huo huufanya mkono usikie chembe ambazo jicho halizioni. Bati likiwa laini kama kioo cha dirisha, kazi imekwisha. Likikwaruza, hutumiwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ulio laini kama unga wa chapati uliokandwa. Huteleza juu ya maji ya sabuni bila kukandamizwa, nao hung'oa chembe zilizonasa. Usidhaniwe kuwa ni udongo wa mfinyanzi! Tena ukianguka chini sharti utupwe, maana umekwisha kuokota mchanga.

Gari likaushwe kwa kitambaa laini na safi. Sasa tu ndipo dawa ifunguliwe, nayo ijaribiwe mahali padogo kama sahani. Gari la zamani lisilo na tabaka la juu litaacha rangi yake katika kitambaa, na hilo si ajabu. Lakini gari la kisasa likifanya hivyo, kazi ikomeshwe mara moja, kwa kuwa tabaka limekwisha. Nta hupakwa mwisho, nyembamba, baada ya dawa kufutwa. Nta haiparuzi, hufunika. Nakuru iko karibu na Ikweta, kwenye kimo cha meta 1,850 hivi, na jua lake ni kali; kwa hiyo kifuniko hicho kina faida kuliko pambo.

Limebaki neno moja juu ya maji machafu. Mto Njoro huingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto utokao. Mafuta na sabuni viingiavyo humo havina njia ya kuondoka. Kwa hiyo gari lisioshwe mtoni wala kando ya mfereji, bali mahali palipotengenezwa shimo la maji machafu.

Kazi hii yote yaweza kuchukua asubuhi nzima, na sehemu kubwa yake ni maji, sabuni na subira. Wazee walisema kuwa mwanzo wa ngoma ni lele. Mwenye gari katika nchi ya vumbi naye aanze kwa ndoo mbili, na kopo la dawa lingoje zamu yake.